Waliosikiliza Bila Kujibu: Mabaharia wa Redio Mombasa, 1942–1943

Ukitaja baharia na vita, watu huona mizinga. Lakini kila manowari inayoelea ina nyuma yake mabaharia wengi ambao hawatamwona adui hata siku moja: wa mafuta, wa maji, wa chakula, wa karakana, wa redio. Kuanzia Aprili 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Mombasa ilikuwa na wote hao. Hapa naongelea wa redio, tena si wale waliotuma ujumbe, bali wale waliokaa kusikiliza tu, saa nne kwa saa nne, wakiandika kila walichosikia kutoka kwa Wajapani. Sisi tuliofanya kazi ya redio za meli kazi hiyo tunaijua kwa masikio na kwa mgongo, na kanuni zake hazijabadilika sana. Habari nyingi zinazosimuliwa juu yao zinaruka moja kwa moja hadi kwa wavunja msimbo, wale waliofumbua ujumbe wa siri wa adui, kana kwamba tarakimu za ujumbe huo zilijileta zenyewe mezani.

Ofisi yao ilikuwa ya Waingereza, ikijulikana kwa herufi FECB (Far East Combined Bureau), ofisi ya kusikiliza na kuvunja misimbo, na ilikuwa imeshazoea kufunga virago: kutoka Hong Kong kwenda Singapore mwaka 1939, kisha Colombo Januari 1942 Wajapani walipokuwa wanashuka Malaya. Wakiwa Colombo walitoa onyo kwamba shambulio lingekuja karibu na tarehe 1 Aprili. Admirali James Somerville, mkuu wa kikosi cha meli za Uingereza huko, akatoa meli zake, akangoja baharini, adui asionekane. Maji na mafuta yakapungua, akaenda kujaza Addu Atoll, kule Maldivi. Tarehe 5 ndege za Wajapani zikaipiga Colombo, na siku hiyo hiyo zikazamisha manowari Cornwall na Dorsetshire. Tarehe 9 ikafuata Trincomalee, na meli ya kubeba ndege Hermes ikazama. Onyo lilikuwa la kweli, ila lilikosea siku nne, na siku nne zilitosha. Sehemu kubwa ya kikosi ikarudi nyuma hadi Kilindini, bandari ya Mombasa. Wasikilizaji wakafuata, wakapewa shule ya Allidina Visram, na madarasa yakageuka vyumba vya vipokezi.

Kwa meli, Kilindini ni mahali pazuri mno: kina cha kutosha, mlango mwembamba, maji yaliyotulia. Kwa sikio ni pabaya. Kutoka Colombo hadi Tokyo, ukifuata njia fupi juu ya duara la dunia, ni karibu kilomita 7,000. Kutoka Mombasa ni zaidi ya 11,000. Mawimbi mafupi ya redio hayafiki huko kwa mstari mmoja. Hupanda hadi ionosfea, tabaka la juu la anga, yakarudishwa chini, yakagonga bahari, yakapanda tena, na kila mruko unakula nguvu yake. Umbali wa Tokyo hadi Mombasa unataka miruko isiyopungua mitatu. Halafu kuna jua. Tofauti ya saa kati ya miji hiyo miwili ni karibu saa saba kwa jua lenyewe, kwa hiyo Mombasa magharibi inapoingia, Tokyo ni usiku wa manane umepita. Masafa (frikwensi) ya chini hunyonywa upande wenye mchana, na ya juu, upande wenye usiku, hupenya angani yasirudi. Kinachobaki katikati ni dirisha dogo linalofunguka kwa muda na kufungwa, na kila siku linasogea kidogo. Juu ya hayo, madoa ya jua yalikuwa yanapungua kuelekea kiwango chake cha chini kabisa cha 1944, na madoa yakipungua, masafa ya juu hufunga mapema. Haikuwa bahati mbaya ya siku moja moja. Walipelekwa mahali ambapo, kwa maumbile yake, sauti ya adui ingewafikia ikiwa hafifu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya opereta haikuwa kusikia bali kujua lini na wapi pa kusikia. Chumba kizuri cha kusikilizia huweka daftari la masafa: kituo gani, kwenye masafa gani, kilianza kusikika saa ngapi, kilipotea saa ngapi, nguvu yake ilikuwaje. Saa zinaandikwa kwa Greenwich, wala si kwa saa za mji. Jeshi la Wanamaji la Japani lilitumia saa za Tokyo popote lilipokuwa, saa tisa mbele ya Greenwich, na asiyezingatia hilo anajikuta ana ujumbe ulioandikwa kesho. Baada ya wiki chache daftari hilo linakuwa na thamani kuliko kipokezi kipya. Linakwambia kwamba kituo fulani kitaanza kuchungulia saa fulani, uwe umeshakaa, umeshapasha moto mashine, na umeshaweka karatasi.

Nikisema kupasha moto nina maana. Vipokezi vya wakati ule vilikuwa vya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, na valvu ikiwashwa baridi, masafa yanahama kadiri chuma kinavyopata joto. Kwa nusu saa ya kwanza, au zaidi, unasukuma kitufe kidogo kidogo kuifuata sauti inayokukimbia, kumbe inayokimbia ni mashine yako. Ndiyo maana kipokezi cha kazi hii hakizimwi. Kinaachwa kikiwaka usiku na mchana, na pwani kuna faida ya pili: joto lake linafukuza unyevu.

Kimoja kati ya vipokezi vilivyotumika sana katika vituo vya kusikilizia vya Waingereza kilikuwa HRO ya Kimarekani, ya valvu tisa. Mashine hii haina swichi ya kubadilisha bendi. Unashika vishikio viwili vya boksi la koili mbele yake, unalivuta lote nje, unaingiza jingine, kila boksi na bendi yake. Na duara la kutafutia stesheni halisomi masafa. Linasoma namba kuanzia 0 hadi 500, ikizunguka mara kumi kamili, nawe unatazama mchoro ulio kwenye boksi kujua namba 312, kwa mfano, ni masafa gani. Kwa mgeni ni usumbufu. Kwa opereta aliyezoea ni neema, maana mizunguko kumi kwa bendi moja inakupa nafasi ya kutenganisha vituo viwili vilivyobanana, na namba ya duara ukiiandika daftarini, mwenzako wa zamu inayofuata atarudi pale pale. Makosa yake pia yanajulikana. Boksi lisiposukumwa hadi mwisho, miguso haishiki vizuri na kipokezi kinakuwa kiziwi bila kuonyesha ishara yoyote. Miguso ikipata kutu ya chumvi, hivyo hivyo. Opereta mwenye akili, kabla ya kulaumu anga, huchomoa boksi, hupangusa miguso, hurudisha.

Chumvi ni adui wa kudumu wa redio ya pwani. Kusi ikivuma, mvuke wa bahari unatua juu ya vikombe vya kauri vinavyoshikilia antena, unakauka, unaacha utando. Mchana wa jua kali huoni tatizo. Usiku umande ukishuka, utando ule unalowa, unapitisha umeme, na nguvu ya antena inavuja kwenda kwenye mlingoti. Dalili yake ni kwamba kelele na sauti vyote vinashuka pamoja, tofauti na hali ya anga mbaya ambapo sauti hushuka na kelele zikabaki. Dawa ni maji baridi yasiyo ya chumvi na kitambaa, kikombe kimoja kimoja, na kuangalia kila kiungo cha waya: shaba ikigeuka kijani, kata, safisha, unga upya. Nyaya za hedifoni nazo huoza kwa jasho pale zinapoingia kwenye plagi, na hapo hutoa mkwaruzo unaofanana sana na radi ya mbali. Unazishika, unazitikisa, ukisikia mkwaruzo, badilisha. Radi yenyewe haina dawa. Kanda ya Ziwa Victoria na Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na kila mmweko huko unasikika Mombasa, hasa jioni na usiku kwenye masafa ya chini, saa zile zile ambazo dirisha la masafa hayo linafunguka.

Sasa tuje kwenye Morse, alfabeti ya redio ya nukta na vistari. Opereta wa Kiingereza alijifunza herufi za kimataifa mpaka mkono ukaandika wenyewe bila kufikiri. Wajapani walikuwa na Morse yao, ya silabi, yenye alama nyingi zaidi, na nyingi kati ya alama fupi zilikuwa zile zile za kimataifa zikiwa na maana nyingine. Nukta na kistari, ambayo kwetu ni A, kwao ni i. Kistari na nukta tatu, ambayo kwetu ni B, kwao ni ha. Nukta moja peke yake, E yetu, ni he. Ndipo zikaja alama ambazo hazimo kabisa katika herufi za Kiingereza, kama nukta-kistari-nukta-kistari, ambayo ni ro. Tatizo hapa si kujifunza bali kusahau. Mkono uliozoea kuandika B utaandika B. Kulikuwa na njia mbili: kujifunza upya kabisa, au kuandika alama kwa herufi za kimataifa pale zinapofanana, na kubuni alama nyingine kwa zile za ziada, halafu mtu mwingine anageuza kuwa Kijapani. Lililo la lazima ni chumba kizima kufuata njia moja, maana karatasi mbili za njia mbili haziwezi kulinganishwa.

Mwili wa ujumbe mkubwa wa kijeshi, ule wa msimbo ambao Washirika (Waingereza, Wamarekani na wenzao) waliuita JN-25, ulikuwa tarakimu tupu, makundi ya tarakimu tano tano. Hapa ndipo kazi ya baharia yule ilipokuwa na uzito wake wote. Mtu akiandika barua ya kawaida na sauti ikapotea, anaweza kujaza kwa akili: M-MB-SA ni Mombasa. Kwenye tarakimu hakuna akili ya kukusaidia. 4 iliyopotea haina jirani wa kukwambia ilikuwa 4.

Makosa ya kusikia tarakimu hayatokei ovyo, na ni vizuri kuyajua. Tarakimu ya Morse ina vipande vitano. 5 ni nukta tano. 4 ni nukta nne na kistari. 3 ni nukta tatu na vistari viwili. 6 ni kistari na nukta nne. Sauti inapofifia, inakula mwanzo au mwisho wa alama, mara chache katikati. Kistari cha mwisho cha 4 kikififia na kubaki kipande, opereta ataandika 5. Kistari cha kwanza cha 6 kikikatwa, atasikia nukta nne ambazo si tarakimu yoyote, na kishawishi ni kuandika 5 kwa sababu ndiyo iliyo karibu. 9 na 0 zinatofautiana kwa kipande cha mwisho tu. Radi nayo hufanya kinyume, inaziba nafasi kati ya nukta mbili na kuzifanya kistari. Kwa hiyo unapoona 5 nyingi kupita kiasi kwenye karatasi ya usiku wa radi, unajua mkono wa kubahatisha umepita hapo.

Kanuni za kuandika zilikuwa chache, na hakuna hata moja ya mapambo. Tarakimu usiyoisikia, weka kistari mahali pake. Tarakimu unayoishuku, iandike na alama ya kuuliza juu yake. Kundi zima likipotea, acha nafasi ya kundi zima. Makundi kumi yakipotea, kadiria kwa mwendo wa mtumaji, sekunde ngapi zimepita, acha nafasi kumi na uandike pembeni kwamba umekadiria. Usirudi nyuma kurekebisha wakati ujumbe unaendelea, maana ukitazama nyuma unapoteza na ya mbele. Kama kichwa cha ujumbe kinataja idadi ya makundi, hesabu ukimaliza, na kama hesabu haikubali usiilazimishe: andika zote mbili. Wawili wakisikiliza ujumbe mmoja kwenye vipokezi viwili na wakatofautiana, wasikae kukubaliana. Kila mmoja anakabidhi karatasi yake kama ilivyo. Makubaliano ya watu wawili waliochoka si ushahidi, na yule anayefanya hesabu anahitaji kujua kwamba palikuwa na shaka.

Kwa nini ukali wote huo kwa ajili ya nafasi tupu? Tazama hesabu yenyewe.

JN-25 ilikuwa na vitabu viwili. Cha kwanza kilikuwa kama kamusi: kila neno, cheo, mahali au sentensi ya kawaida lilikuwa na kundi lake la tarakimu tano. Cha pili kilikuwa na kurasa za makundi ya tarakimu za kubahatisha, makumi ya maelfu. Mtumaji alichukua kundi la neno, akalijumlisha na kundi kutoka kitabu cha pili, kisha kundi linalofuata na linalofuata, kwa mpangilio. Ujumlishaji wake haubebi: jumla ikifika kumi au kuzidi, ile kumi inatupwa, haiendi kushoto. Tuseme neno ni 27456 na nyongeza, yaani kundi la kitabu cha pili, ni 86193. Mbili na nane ni kumi, andika 0. Saba na sita ni kumi na tatu, andika 3. Nne na moja, 5. Tano na tisa, 4. Sita na tatu, 9. Kinachoruka hewani ni 03549, na ndicho anachosikia baharia Mombasa.

Mtumaji mwingine, siku nyingine, akaangukia ukurasa ule ule na mstari ule ule. Neno lake ni 51030. Akijumlisha na 86193 inatoka 37123. Sasa toa la kwanza kutoka la pili, bila kukopa: 37123 ukitoa 03549 ni 34684. Halafu toa maneno yenyewe: 51030 ukitoa 27456 ni 34684. Ni ile ile. Nyongeza imejifuta yenyewe. Tofauti kati ya ujumbe uliofichwa ni tofauti kati ya maneno, na mwenye orodha ya tofauti za maneno yanayotumika sana anaweza kuanza kuvuta uzi.

Lakini hilo linawezekana tu kama makundi yamepangwa sawasawa, la ishirini chini ya la ishirini. Opereta akikosa kundi moja katikati na asiache nafasi, kila kilichofuata kimesogea hatua moja, na kila utoaji baada ya hapo unazalisha upuuzi unaofanana kabisa na namba za kweli. Hakuna king'ora kinacholia. Watu wanne wanaweza kukaa siku mbili juu ya karatasi hiyo. Akiacha nafasi, kimepotea kundi moja, mengine yote ni mazima. Ndiyo maana nasema nafasi tupu iliyowekwa kwa uaminifu ilikuwa kazi ya kivita, sawa na yoyote iliyofanywa kwenye sitaha.

Wajapani wenyewe walijua kwamba tarakimu hupotoka njiani, wakaweka kinga. Kila kundi katika kamusi yao liligawanyika kwa tatu. 27456: jumlisha tarakimu zake, unapata 24. 51030: unapata 9. Mpokeaji wao akishaondoa nyongeza na kukuta kundi lisilogawanyika kwa tatu, alijua kuna kosa. Ilikuwa huduma kwa maopereta wao, na ndiyo iliyowauza. Mvunja msimbo aliyekisia nyongeza aliiondoa kwenye makundi yote yaliyofichwa nayo. Kama yote yaligawanyika kwa tatu, kisio lilikuwa na uzito. Kwa kubahatisha tu, kundi moja lina nafasi moja kati ya tatu ya kupita. Makundi sita yote kupita ni nafasi moja kati ya 729. Mtihani huo huo ulikamata na makosa ya sikio: 4 iliyoandikwa 5 inasogeza jumla kwa moja na mtihani unakataa. Isipokuwa pale neno lenyewe linapovuka kutoka 9 kwenda 0. Hapo jumla inabadilika kwa tisa, mtihani unapita, na kosa linabaki ndani likijificha. Kinga yoyote ina mahali pake pa kupitia panya.

Waingereza walikuwa wameshaielewa namna ya JN-25 tangu 1939, kazi ya mvunja msimbo wao John Tiltman. Kuielewa namna si kuisoma kila siku. Vitabu vilibadilishwa, nyongeza zilibadilishwa, na kila badiliko liliwarudisha watu kwenye rundo la karatasi lisilo na maana. Na msimbo huu unaliwa kwa wingi: karatasi hamsini hazitoshi, unataka mamia, ili mbili tatu ziangukie ukurasa mmoja. Sasa weka pamoja vipokezi vichache, watu wachache na sauti hafifu, utaona kwa nini Mombasa JN-25 iliwasumbua kuliko ilivyowasumbua Wamarekani kule Hawaii, waliokuwa na mashine za kadi za IBM.

Ushindi mkubwa wa Mombasa ulikuja kwa mlango mwingine. Meli za mizigo za Japani zilitumia mfumo ulioitwa JN-40, na kwa muda mrefu ulidhaniwa kuwa kamusi na nyongeza kama ule wa kwanza. Septemba 1942 opereta mmoja wa Kijapani alituma ujumbe, akagundua hakuweka mahali meli ilipo, akautuma tena kwa ufunguo (mpangilio wa kuficha) ule ule, safari hii ukiwa na latitudo na longitudo. John MacInnes na Brian Townend, wavunja msimbo waliokuwa Kilindini, wakazilaza karatasi mbili sambamba. Kilichoongezeka kilijulikana ni cha namna gani, na namna kilivyosambaa ndani ya ujumbe wa pili ilionyesha kwamba hakuna nyongeza kabisa. Alama zilikuwa zinabadilishwa kuwa jozi za tarakimu kutoka jedwali la jozi mia moja, kisha jozi zinapanguliwa kwa safu. Kufikia Novemba walikuwa wanasoma ujumbe wote wa zamani na kuufungua mpya kadiri ulivyoingia, na ndani ya wiki mbili zilizofuata mifumo mingine miwili, JN-152 na JN-167, nayo ikafunguka. Misafara ya meli za Japani ikaanza kujulikana mahali na saa, na nyambizi za Washirika zikajua pa kungojea.

Nasisitiza hapa jambo ambalo watu hulipita. Kosa la Mjapani lilikuwa na faida kwa sababu opereta wa upande wetu aliandika ujumbe wote wawili, kwa ukamilifu. Opereta mchovu akisikia ujumbe unaofanana na wa nusu saa iliyopita hushawishika kuandika "marudio" na kupumzisha mkono. Kanuni ya zamu inakataza hilo waziwazi: marudio yaandike yote, tarakimu kwa tarakimu. Marudio ni dhahabu.

Kulikuwa na elimu nyingine isiyohitaji kuvunja msimbo. Kila mtumaji ana mkono wake: mmoja anavuta kistari cha mwisho, mwingine anabana nafasi kabla ya 7. Majina ya vituo yakibadilishwa usiku mmoja, mkono haubadiliki, na opereta aliyemsikiliza mtu huyo kwa miezi anaandika pembeni jina la zamani kabla hajamaliza kichwa cha ujumbe. Wingi wa ujumbe nao unasema. Kituo kinachotuma kidogo kila siku kikianza kutuma usiku kucha, kuna kitu kinapakiwa. Na kikinyamaza ghafla, zaidi ya hapo.

Kupima mwelekeo ni jambo jingine, na lina mipaka inayosahaulika. Antena ya mwelekeo inakupa mstari, haikupi mahali. Unahitaji mistari miwili, bora mitatu, kutoka vituo vilivyo mbalimbali. Kosa la digrii moja kwa umbali wa kilomita 5,000 ni karibu kilomita 80 pembeni, na wakati wa machweo, tabaka la juu linapotikisika, mwelekeo unaweza kuyumba zaidi ya hapo huku mpimaji akiutazama. Kipimo cha machweo kinaandikwa pamoja na saa yake ili anayekitumia ajue akiamini kiasi gani.

Na mwili? Zamu ya saa nne na hedifoni zilizobana masikio, kwenye chumba ambacho madirisha yake yamefunikwa ili taa isionekane nje, pwani ya Mombasa. Jasho linaingia kwenye sikio, ngozi inalainika, inachubuka, inashika vidonda. Pedi za hedifoni zinapaswa kukaushwa kila zamu, na kila mtu awe na zake. Sauti isipandishwe kufuata ujumbe hafifu, kwa sababu radi moja ya karibu itakuziba sikio kwa dakika kadhaa, nawe umepoteza makundi arobaini. Shusha sauti, kaza kichujio cha kristali mpaka ibaki filimbi nyembamba, weka filimbi hiyo kwenye kiwango ambacho sikio lako linakipenda, wengi ni kati ya mizunguko 800 na 1,000 kwa sekunde, na usiigeuze tena. Karatasi iwe juu ya kitu kikavu, maana mkono wa jasho unachana karatasi. Penseli, si wino.

Saa mbaya kuliko zote ni kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri. Hapo sikio linaanza kutunga. Opereta anasikia Morse kwenye feni, kwenye mawimbi, kwenye kelele tupu, na anaiandika. Mkuu wa zamu anayejua kazi hakaripii. Anamwambia avue hedifoni, asimame, anywe maji, arudi. Kukabidhiana zamu nako kuna utaratibu: anayeingia anachomeka hedifoni zake kwenye kipokezi hicho hicho, anasikiliza pamoja na anayetoka, anaandika kwenye karatasi yake mpaka zilingane kwa makundi kadhaa, ndipo anayetoka anaweka penseli chini. Hakuna ujumbe unaokatwa kwa sababu saa imefika.

Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo walikuwamo wasichana wa WRNS, tawi la wanawake la Jeshi la Wanamaji la Uingereza. Wote waliapishwa kunyamaza, na walinyamaza. Habari za Waingereza kuvunja misimbo katika vita ile zilianza kusemwa wazi miaka ya 1970, wengine wakiwa wameshakufa bila kuwaambia hata wenzi wao walichofanya Mombasa. Heshima waliyokosa inaniuma. Baharia aliyepigana alirudi na hadithi; huyu alirudi na masikio mabovu na amri ya kutosema.

Wala kazi yao haikuweza kuzuia kila kitu. Kati ya Juni na Julai 1942 nyambizi za Japani zilizamisha meli za mizigo zaidi ya 20 katika Mlango wa Msumbiji. Nyambizi ikiwa kazini hutuma kidogo, na kisichotumwa hakisikiki. Agosti 1943 ofisi ilianza kurejea Colombo, sehemu iliyopewa jina la Anderson, ambako sauti ilikuwa na nguvu zaidi na watu na mashine wakaongezwa. Miezi michache baadaye, tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail iliyotoka Kilindini kwenda Colombo ilipigwa na nyambizi I-27 karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, mamia kati yao wakiwa wa kikosi namba 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wa kwetu. Nyambizi ile ilizamishwa siku hiyo hiyo na manowari Paladin na Petard zilizokuwa zikilinda msafara.